Kabla ya kumnunulia mtoto hamsta, tazama kwanza paa la nyumba yako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nimjibu msomaji mwenzangu wa Kigoma, ambaye wiki mbili zilizopita aliuliza kama atafanya vema kumnunulia binti yake wa miaka saba hamsta kibete, mnyama wa jamii ya panya afugwaye nyumbani, yule mdogo kabisa anayeonekana siku hizi katika video za simu akiwa amejaza mbegu mashavuni. Aliandika kwamba amempata mtu Dar es Salaam anayewauza, kwamba binti hazungumzi jambo jingine tangu likizo ilipoanza, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kumwona mnyama huyo kwa macho yake. Nilisubiri nione kama mtu mwenye ujuzi kunizidi atamjibu. Hakuna aliyejibu, na kwa kuwa mimi nimewahi kuwafuga wawili hapa Tabora, na mmoja wao akafa kwa kosa langu, nimeona si haki ninyamaze.

Jibu langu ni kwamba kwa nyumba nyingi za Kigoma na Tabora, na kwa mtoto wa miaka saba, hamsta mdogo si mnyama anayefaa. Lakini jibu la namna hiyo halimsaidii mzazi anayeulizwa swali lile lile kila jioni, kwa hiyo nitaeleza sababu zangu kwa urefu kidogo, ili aweze kuzipima kwa kuitazama nyumba yake mwenyewe na si yangu.

Watu wengi humtaja hamsta kana kwamba ni mnyama wa aina moja. Yule mkubwa zaidi, mwenye rangi ya dhahabu, asili yake ni Syria, na karibu wote wa aina yake wanaofugwa majumbani duniani leo ni uzao wa mama mmoja na watoto wake, waliochimbuliwa ardhini karibu na mji wa Aleppo mwaka 1930 katika safari ya mwanazuolojia Israel Aharoni. Wale wadogo anaowaulizia ndugu yangu wa Kigoma ni ukoo mwingine. Wanaouzwa zaidi ni wa aina tatu: hamsta wa Campbell, hamsta mweupe wa majira ya baridi, na hamsta wa Roborovski, ambaye ndiye mdogo kuliko wote, kwani urefu wake ni sentimita 5 hivi na uzito wake gramu 20 hadi 25, hata hafikii nusu ya uzito wa yai la kuku. Wenzake wawili hufikia sentimita 8 hadi 10 na gramu 30 hadi 50. Kwao ni katika nyika kavu na majangwa ya Mongolia, kaskazini mwa China, Kazakhstan na Siberia, nchi ambako majira ya baridi huigandisha ardhi ikawa ngumu kama jiwe. Yule mweupe hubadili rangi siku zinapofupika. Majira ya joto huwa wa kijivu mwenye mstari mweusi mgongoni, na baridi ikiingia huwa mweupe ili asionekane juu ya theluji. Wote watatu wana manyoya hadi kwenye nyayo za miguu. Namwomba msomaji alishike jambo hilo la manyoya kwenye nyayo, kwa sababu ndilo nililolijua nikiwa nimeshachelewa.

Wawili wangu walikuwa wa Campbell. Mwanangu anayefanya kazi Dar es Salaam aliwaleta kwa treni mwishoni mwa Septemba, ndani ya kasha la plastiki lililotobolewa matundu, wawe zawadi kwa mjukuu wangu wa kike, ambaye wakati ule alikuwa darasa la tatu na aliishi nami hapa Isevya. Mjukuu aliwaita Mtama na Ulezi. Muuzaji alikuwa amemhakikishia mwanangu kwamba wawili ni afadhali kuliko mmoja, kwa sababu mmoja hupatwa na upweke, na kwamba hao ni madume wa tumbo moja, hivyo hawatagombana kamwe. Kwa wiki mbili ilikuwa hivyo. Wiki ya tatu tuliamka tukamkuta Ulezi ana jeraha mgongoni na sikio lake limechanika. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba hamsta hawa, hata waliozaliwa pamoja, wanaweza kulala wamekumbatiana wakiwa wachanga na kuanza kuumizana wakishakomaa, na kwamba anayeamua kufuga wawili anapaswa kuwa na kizimba cha pili tayari siku ile ile anayowaleta nyumbani. Mimi sikuwa nacho. Nilimhamishia Ulezi katika tangi dogo la kioo lililowahi kuwa la samaki, nikaliweka juu ya kabati karibu na dirisha la magharibi, nikidhani hewa ya dirishani itamfaa.

Wakazi wa Tabora wanaijua Oktoba yetu. Mvua bado haijaja, miombo imeanza kutoa majani mekundu, na kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi bati linalia. Siku hiyo umeme ulikatika asubuhi na feni ikasimama. Nilirudi kutoka sokoni saa tisa alasiri nikamkuta Ulezi amelala kifudifudi, amenyoosha miguu yote minne, kidevu kimelowa mate, anahema haraka haraka. Nilimtoa nikamlaza juu ya kitambaa chenye maji, lakini hakumaliza nusu saa. Kesho yake nilitundika kipimajoto pale pale dirishani, na saa ile ile kilisoma nyuzi 34. Hamsta mdogo huishi vizuri katika nyuzi 18 hadi 24 hivi. Joto likivuka 30 yuko hatarini, hasa akiwa ndani ya tangi la kioo ambalo hewa hailipiti, kwa maana hatoki jasho kama sisi, na kule kwao angekuwa amejificha chini ya udongo tangu alfajiri. Mjukuu aliporudi kutoka shule aliniuliza, "Bibi, kwani hakuwa na maji?" Maji alikuwa nayo.

Ndiyo maana namwomba ndugu yangu wa Kigoma atazame paa kabla hajauliza bei. Je, chumba anachokusudia kumweka mnyama kina dari, au ni bati tupu? Dirisha lake linatazama wapi? Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hata hivyo nimeyaona niliyoyaona. Kigoma mjini iko chini zaidi, kando ya ziwa ambalo maji yake yako mita 770 hivi, na usiku wake hauna ubaridi kama wetu wa kuuburudisha mwili wa mnyama baada ya mchana mkali. Anunue kipimajoto kabla ya kununua hamsta, akitundike mahali hasa ambapo kizimba kitakaa, akisome saa tisa alasiri kila siku kwa wiki nzima ya miezi ya joto, feni ikiwa imezimwa, kwa sababu ipo siku umeme utakatika na yeye hayupo. Akikuta nyuzi 30 na zaidi siku baada ya siku, naomba asiendelee.

Mtama, aliyebaki, nilimhamishia chumba cha ndani upande wa mashariki, sakafuni kwenye saruji. Kila aliyewahi kunywa maji ya mtungi anajua kwamba udongo wa kufinyanga uliolowa hupoza kilichomo, na wazo hilo ndilo lililomwokoa. Nililaza chungu kidogo kwa ubavu ndani ya kizimba, nikakifunika kwa nje kitambaa kilicholoweshwa, na ndani nikaweka mchanga mkavu. Siku za joto kali zaidi niliongeza chupa ya barafu iliyozungushiwa taulo, upande mmoja tu, ili achague mwenyewe kuisogelea au kukaa mbali nayo. Kwa njia hiyo alivuka Oktoba mbili. Lakini ilibidi niwepo nyumbani mchana, na niliweza kuwepo kwa sababu nimestaafu. Mzazi anayetoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni hawezi kulowesha kitambaa saa saba mchana.

Joto peke yake lingetosha kumfanya mtu asite, lakini kwa mtoto mdogo naona usiku ni kikwazo kikubwa zaidi. Hamsta hulala mchana. Mtama alikuwa akichomoza pua yake kutoka shimoni saa mbili na nusu, siku nyingine saa tatu kasoro, wakati mjukuu wangu anapaswa kuwa amekwishapiga mswaki. Kisha alikimbia katika gurudumu lake hadi usiku wa manane, kwani mnyama huyu mdogo anaweza kukimbia kilomita kadhaa kwa usiku mmoja, na katika nyumba ambayo watoto watatu wanalala chumba kimoja, mlio wa gurudumu si jambo dogo. Mtoto wa miaka saba anataka rafiki anapotoka shule saa tisa. Saa tisa hamsta yuko katikati ya usingizi wake, na ukimfukua ili umshike unamtia hofu, naye huuma. Meno yake ni membamba kama sindano. Haumi kwa ukorofi. Haoni vizuri, na mkono unaoshuka kutoka juu katikati ya usingizi hana namna ya kujua kwamba si mkono wa adui.

Hata akiwa macho, si mnyama wa kubebwa. Wa Roborovski ana mbio kiasi kwamba hata watu wazima wenye uzoefu hutosheka na kumtazama. Wa Campbell na yule mweupe wanaweza kuzoea mkono, kwa uvumilivu wa wiki nyingi, mtu akiwa ameketi sakafuni, kwa sababu akianguka kutoka usawa wa kifua cha mtoto mfupa unaweza kuvunjika. Nasema haya nikiwa nimemwona mjukuu wangu akifaulu. Hakufaulu kwa kumshika. Alifaulu siku aliyokubali kukaa kimya kwenye mkeka, taa ikiwa imepunguzwa, daftari mapajani, akaandika saa ambayo Mtama alitoka, alichobeba mashavuni, na upande aliokwenda kukifukia. Aliandika hivyo, kwa kuruka siku moja moja, muda wa miezi kumi na moja. Mimi niliyefundisha baiolojia miaka mingi sijapata kuona mwanafunzi wa umri ule akimtazama kiumbe kwa makini namna ile, na ndiyo sababu siwezi kusema kwa jumla kwamba hamsta hafai kwa watu wote. Ila mjukuu alikuwa na miaka tisa, alikuwa mtoto mtulivu kwa asili yake, na mimi niliketi naye.

Kuhusu makazi, vizimba vya waya vinavyouzwa kwa ajili ya wanyama hawa ni vidogo mno, na mara nyingi nafasi kati ya waya na waya inamtosha hamsta mdogo kupita. Wanaowafuga kwa uangalifu siku hizi hawapendi kushuka chini ya sakafu ya mita moja kwa nusu mita, kwa mnyama mmoja. Mimi nilimwendea fundi seremala akanitengenezea sanduku la mbao lenye kioo mbele na wavu wa matundu madogo juu, lenye kina cha kutosha kuweka matandiko ya sentimita 20 na zaidi, kwa sababu hamsta asiyeweza kuchimba anakosa nusu ya maisha yake. Fundi alinipa na maranda bure. Hapo pia kuna la kuangalia: maranda ya paina yana mafuta yenye harufu kali yanayoumiza njia ya hewa ya wanyama wadogo, na vumbi la mninga, mti wetu tunaoupenda, huwasha hata pua ya fundi mwenyewe. Niliishia kutumia nyasi kavu zilizokatwakatwa, zikichanganywa na karatasi laini isiyo na manukato iliyochanwa. Gurudumu liwe na kipenyo cha sentimita 20 hivi na sakafu iliyozibwa, si ya fito, ili mgongo usipinde na mguu usinase. Bakuli la mchanga mkavu, mchanga na si vumbi, humtosha kwa kuoga; maji hayamfai kuogeshwa hata kidogo.

Chakula chake hakina taabu kwetu, na hapo Unyamwezi tuna neema: uwele, mtama, ulezi, mbegu chache za alizeti, jani la mchicha lililooshwa, na mara moja moja kipande cha yai la kuchemsha. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya nafaka kwa siku vinatosha. Sahani ikiwa tupu haimaanishi kwamba amekula yote. Amebeba mashavuni akaenda kuweka ghalani kwake, na anayejaza sahani kila anapoiona tupu anamnenepesha bila kujua.

Kosa langu la pili lilikuwa la embe. Kila mtu anajua miembe ya Tabora, na Novemba na Desemba hakuna mtoto hapa ambaye mikono yake hainati. Mjukuu alimpa Mtama kipande, Mtama alikipokea kwa mikono miwili, na sote tulifurahi, kwa hiyo akapewa kesho yake na kesho kutwa, msimu mzima. Sikujua kwamba hamsta wa Campbell ana wepesi wa kupata kisukari, kiasi kwamba wafugaji waangalifu hawampi kabisa matunda matamu. Msimu wa pili wa maembe alianza kunywa maji kupita kawaida na matandiko yake yakawa yanalowa kila siku. Jirani yangu mwenye kisukari alinigawia vijiti vyake vya kupimia sukari kwenye mkojo, nikagusisha kimoja mahali palipolowa, na rangi ikageuka mbele ya macho yangu. Tuliacha matunda, tukaongeza mboga za majani, lakini alikonda, na akafa Januari akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Hata mwenye afya njema, umri wake wa kawaida ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na wa Roborovski anaweza kufika mitatu. Mzazi ajiulize kama yuko tayari kumzika mnyama pamoja na mtoto wake kabla mtoto hajavuka madarasa mawili.

Niliporejea kwa mtaalamu wa mifugo kuomba msaada, alinipokea kwa heshima na akaniambia ukweli, kwamba amesomea na kuzoea ng'ombe, mbuzi na kuku, na kwamba hajawahi kupima dozi ya mnyama wa gramu 40. Ninamshukuru kwa kutobahatisha. Nataja hili kwa sababu ni rahisi kwa mtu aliyekata tamaa kwenda duka la dawa za mifugo akanunua antibayotiki inayotumika kwa kuku au mbuzi. Dawa za jamii ya penisilini zinaweza kumuua hamsta, kwa kuwa huharibu bakteria wema wa tumboni mwake na kuacha wabaya wastawi. Anayemfuga bila daktari anayemfahamu afuge akijua kwamba siku ya ugonjwa yuko karibu peke yake.

Yapo na mambo ya nyumba zetu ambayo mwongozo wowote ulioandikwa Ulaya hautayagusa. Tunaweka sumu ya panya jikoni na stoo, na hamsta aliyetoroka usiku huenda moja kwa moja kwenye harufu ya unga. Tuna paka wasio na mwenyewe wanaoingia kwa dirisha. Na siafu wakipita usiku, mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia, kama anavyojua kila aliyewahi kupoteza vifaranga. Miguu mifupi ya kizimba changu niliisimamisha kwenye makopo yenye maji na mafuta kidogo. Majirani nao watasema. Kwetu panya ni mwizi wa mahindi na mtafuna nguo, na waliokuja kwangu waliuliza kwa nini nalisha nilichopaswa kukiua. Niliwakumbusha panya-buku wanaofunzwa pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, na Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania, ambaye mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, taasisi ya Uingereza ya kutibu wanyama, kwa kazi yake ya kusafisha mashamba ya mabomu huko Cambodia. Panya-buku ana vifuko mashavuni kama hamsta. Baadhi ya majirani walielewa. Lakini mtoto mwenye kufuga hamsta ajiandae kueleza mara nyingi.

Kwa upande wa afya ya binadamu, mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika au kusafisha kizimba, kwa sababu hamsta anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaosababisha kuhara, na mama mjamzito asisafishe kizimba kabisa, kwani wapo wanyama wa jamii ya panya wanaobeba virusi viwezavyo kumdhuru mtoto aliye tumboni. Januari 2022 serikali ya Hong Kong iliamuru kuuawa kwa wanyama wadogo wapatao 2,000, wengi wao hamsta, baada ya virusi vya korona kugunduliwa kwa mfanyakazi wa duka la wanyama na kwa baadhi ya hamsta wenyewe. Silitaji tukio hilo ili kuwatisha watu. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba biashara ya wanyama wanaosafirishwa mbali inahitaji macho ya serikali, na nchi yetu ina Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ndugu yangu amwombe muuzaji amweleze wanyama wake wametoka wapi na kwa kibali gani, na akikwepa swali, asinunue. Australia hairuhusu kabisa hamsta kufugwa, kwa kuhofia kwamba watakaotoroka watazaliana porini na mashambani. Mimba yao huchukua siku 18 hadi 21 tu, na jike anaweza kushika nyingine mara tu baada ya kuzaa, kwa hiyo hofu hiyo si ya bure. Ukichoka naye, usimwachie shambani.

Nani basi anafaa kumfuga? Namwona kijana wa sekondari au mtu mzima, aliye na chumba chenye dari na kivuli, anayekesha kidogo kwa kusoma au kushona, asiyetaka kukumbatia bali kutazama, aliye na mtu wa kumwachia akisafiri, na aliyekubali mapema kwamba urafiki huo huenda usizidi miaka miwili. Kwa mtu wa namna hiyo hamsta mmoja, mmoja tu, ni mwandani mzuri, na hahitaji nafasi zaidi ya pembe ya chumba.

Binti wa miaka saba wa Kigoma, kwa maelezo ya baba yake, anatamani kitu cha kupakata mchana. Ningemshauri baba amtazamie simbilisi wawili. Hao huwa macho mchana, ni wazito kiasi cha kukaa vizuri mapajani, mara chache sana huuma, hula nyasi na majani, na wanapatikana hapa nchini kwa wafugaji wa kawaida. Nao hawapendi joto kali, wanahitaji banda lenye kivuli kizito, wapewe pilipili hoho au mboga nyingine zenye vitamini C kila siku, kwa maana miili yao haiwezi kuitengeneza, na wataishi miaka mitano hadi minane, ambayo ni ahadi ndefu kwa mzazi. Lakini ni ahadi ambayo mtoto anaweza kuitimiza akiwa macho.

Hata hivyo, ikiwa baada ya kukisoma kipimajoto kwa wiki nzima ataona kwamba chumba chake kinafaa, na kwamba yeye mwenyewe, baba, ndiye atakayeketi na binti usiku, sitamzuia. Kizimba cha Mtama bado kipo stoo, kimeoshwa kikaanikwa juani, pamoja na gurudumu, chungu na kipimajoto. Anaweza kuniandikia kupitia ofisi yako, Ndugu Mhariri, nami nitakipakia kwenye treni ya Kigoma bila malipo. Daftari la mjukuu halimo, kwa sababu amekataa kulitoa, ila amekubali kurasa za mwezi wa kwanza, zenye saa za kutoka shimoni, zinakiliwe kwa ajili ya huyo binti.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Isevya, Tabora.